Hatukai Mpaka Wafunge

Jumatatu ile kliniki ya meno ilifurika. Mabenchi yalijaa, ngazi zikajaa, na waliokosa pa kukaa waliegemea ukuta wa korido wakiwa wameshika mashavu, utadhani wote wanaongea na simu. Kila Nesi alipotokeza mlangoni kuita namba, watu wawili waliinuka kwa pamoja na wa tatu akaanza kulalamika.

Katikati ya msongamano huo alikuwepo kijana mrefu mwenye shati la buluu lililonyooka kwa pasi, viatu vinang'aa, shavu la kushoto limevimba kama ameficha limau mdomoni. Alikuwa mgeni katika mji huu. Jino lilianza kumuuma akiwa safarini, na alasiri hiyohiyo alitakiwa kutambulishwa mbele ya watu.

"Wewe mrefu, ingia," Nesi alisema. "Inama, mlango wetu haukutarajia mtu kama wewe."

Alilazwa kwenye kiti, taa ikamwangaza usoni. Kwa daktari aliona vitu vichache tu: macho makubwa juu ya barakoa, kitambaa cha kijani kilichofunga nywele, na mikono miwili isiyo na mchezo.

"Fungua, kaka. Zaidi. Mtu mzima unaogopa nini?"

Sindano iliingia. Baada ya muda mfupi ulimi wake ukawa kama wa mtu mwingine. Daktari alianza kazi, na kama walivyo watu wengi waliozoea kazi yao, mikono ikiwa kazini mdomo nao ulitafuta shughuli.

"Leo ndiyo leo," alimwambia Nesi. "Saa kumi wanatuletea kocha mpya wa timu yetu ya kikapu, Chipukizi."

"Yule mgeni?"

"Mgeni. Simjui, hanijui. Lakini sisi mashabiki mahitaji yetu yanajulikana. Kwanza, kombe. Mwaka jana watoto walifungwa fainali kwa pointi moja, nikashindwa kula. Mwaka huu tunataka kombe lenyewe."

"Aa..." mgonjwa alijaribu.

"Tulia, kaka, usinichezee ulimi. Pili, asije kuwabadilisha watoto wetu. Wale tumewalea wenyewe tangu mpira ukiwa mkubwa kuliko vichwa vyao. Tatu, awe na sauti. Kocha asiye na sauti akafundishe drafti."

"Na awe na sura nzuri," Nesi aliongeza.

"Hilo ni hitaji lako, usiniingizie kwenye mambo ya timu."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa?" Daktari alisogeza kioo chake kidogo, akachungulia jino la nyuma. "Namng'oa bila ganzi."

Kijana alipaliwa na mate yake. Ilibidi wamwinue na kumpiga mgongoni. Machozi yalimtoka, na Daktari, ambaye kumbe alikuwa na huruma, alimfuta shavu kwa pamba.

"Pole. Jino limezibwa, halitakusumbua. Ganzi itaisha jioni. Mpaka hapo usile, wala usiongee mbele za watu, maana utachekwa."

Kijana alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama Daktari kwa macho ya mtu aliyehukumiwa. Akapunga mkono, akatoka.

* * *

Ukumbi wa michezo ulikuwa na jukwaa la mbao upande mmoja tu. Mashabiki wa Chipukizi walikuwa wamejaa humo na vitambaa vyao vya kijani: mama wa wachezaji, wajomba, majirani, wanafunzi wenzao. Daktari alifika amechelewa, koti jeupe limebaki kliniki. Sasa alikuwa na gauni la kijani, raba nyeupe na hereni za duara zilizomgusa mabega. Hapa hakuna aliyemwita Daktari. Hapa aliitwa Spika, kwa sababu hakuwahi kuhitaji kipaza sauti.

Alikuta watu wananong'ona. Katikati ya uwanja, Katibu wa timu alikuwa amemshika bega kijana mrefu mwenye shati la buluu. Kijana alikuwa anajitahidi kuongea. Mdomo ulikwenda upande, maneno yakaenda upande mwingine, na mate yakamchuruzika kidevuni.

"Amelewa," alisema bibi mmoja mwenye mkongojo. "Mchana wote huu amelewa!"

"Wametuletea mlevi!"

Spika alishika kichwa. "Mungu wangu. Huyo si mgonjwa wangu?"

Akapanda juu ya benchi.

"Jamani! Hajalewa! Ni ganzi! Ni ganzi yangu mimi, nimemchoma kwa mkono wangu!"

Ukumbi ulitulia kidogo, kisha ukapasuka kwa kicheko. Wachezaji walicheka mpaka Mnara, mrefu wao, akakaa chini sakafuni. Kocha naye alicheka, kwa upande mmoja wa uso. Watu hawakufika majumbani kwao kabla hawajampa jina. Akawa Kocha Ganzi.

Jioni simu ya Kocha iliita. Alikuwa Daktari, namba ameitoa kwenye faili la kliniki.

"Hujambo, mgonjwa?"

"Sijambo, Daktari. Nimekaa hapa nasubiri kung'olewa."

"Ulisikia yote?"

"Ganzi haikuingia masikioni."

"Ningejua ni wewe..."

"Ungesema nini?"

"Ningesema yaleyale," alikiri, "ila ningeanza na salamu."

Wakacheka, na kicheko kilipoisha hakuna aliyekata simu.

* * *

Simu ziliendelea. Mwanzoni zilihusu jino. Jino lilipopona waliendelea kulisingizia.

"Naona kama linanivutavuta," Kocha alisema siku moja.

"Linavuta wapi?"

"Kuelekea kliniki."

"Hilo si jino, kipenzi. Hilo halina dawa kwetu."

Jumapili walitembea pamoja, Kocha na fulana yake nyeupe, Spika na magauni yake ya rangi, wakimenya machungwa na kutupa maganda kwenye mfuko aliobeba Kocha bila kuagizwa. Spika alimcheka kwa upole wake. Mazoezini hakuwahi kumsikia akipaza sauti. Mchezaji akikosea, alimwita pembeni, akainama mpaka macho yakawa sawa, akamwuliza swali.

"Unawauliza nini kila mara?"

"Kwa nini wamefanya walichofanya. Kuna siku wananiambia."

"Kaka yangu angekuchokoza mpaka ukimbie mji. Yeye alikuwa kelele tupu."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika mwaka jana."

Kocha alimshika mkono. Aliona kuuliza zaidi ni kumtonesha. Spika naye hakuongeza neno, kwa kuwa aliamini mji mzima ulikwisha kumwambia yaliyobaki.

Mji haukumwambia. Ligi ilipoanza, Kocha aliingia ukumbini na vijana wake, akainua macho jukwaani, akaona watu wote wamesimama. Bibi mwenye mkongojo alisimama. Mama yake Mnara, ambaye ujauzito wake ulikuwa umefika mahali pa kutembea kwa kujishika kiuno, alisimama. Mbele kabisa alisimama Spika, na kando yake mama yake mzazi, mwenye magoti mabovu. Hakuna aliyeimba wala kupiga makofi. Walisimama kimya.

"Kuna nini?" alimwuliza Katibu.

"Ni desturi yetu. Hatukai mpaka watoto wafunge kikapu cha kwanza. Inatuletea bahati."

Filimbi ilipulizwa. Kiroboto, mchezaji mdogo kuliko wote, alipata mpira, akautazama ubao, akatazama jukwaani, akatupa kutoka mbali sana. Ukapita bila kugusa hata chuma. Mara ya pili vilevile. Mnara, ambaye mazoezini alikuwa mtulivu kama ng'ombe wa maziwa, alikimbilia kikapu kama mtu anayefukuzwa, akapoteza mpira. Walipofunga hatimaye na jukwaa likakaa kwa kishindo cha mbao, wapinzani walikuwa mbali. Chipukizi walikimbia nyuma yao mchezo mzima bila kuwafikia.

Wakafungwa. Wiki iliyofuata wakafungwa tena, na kwa namna ileile.

Kocha alimwita Kiroboto pembeni, akainama.

"Kwa nini ulitupa ukiwa mbali vile? Mazoezini hutupi hivyo."

Kiroboto alichezea fulana yake.

"Kocha, bibi yangu ana miguu."

"Ana miguu?"

"Inamuuma. Akisimama sana, usiku tunamkanda kwa maji ya moto. Nikawaza nifunge haraka akae."

Kocha alimtazama Mnara, aliyekuwa anasikiliza kando yao. Mnara alitazama sakafu. "Mama naye," alisema.

* * *

Kocha alimpigia Spika jioni hiyo, moyo ukiwa mwepesi. Alidhani amepata dawa rahisi kama kuziba jino.

"Mpenzi, nina ombi. Ni la kikocha, si la mapenzi."

"La mapenzi ningelijibu haraka zaidi. Sema."

"Jumamosi waambie watu wakae. Tangu mwanzo."

Spika alihamishia simu sikio la pili.

"Unanisikia? Watoto wanaharakisha kwa sababu yao. Na halafu, kusema kweli, wanatisha. Wamesimama kimya pale kama watu wanaosubiri kuzika."

Simu ilikatika. Alipiga tena, haikupokelewa. Alidhani ni mtandao. Alipiga mara nyingine, na nyingine, mpaka akaelewa kuwa mtandao hauna kosa.

Asubuhi alikwenda kliniki, akapitia mbele ya watu wenye mashavu yao. Nesi alimzuia mlangoni.

"Una namba?"

"Nesi, tafadhali. Nimesema nini kibaya?"

Nesi alimvuta kando ya kabati la glovu. Alikuwa mcheshi, lakini wakati huo hakucheka.

"Ile desturi ya kusimama ni ya kaka yake. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mashabiki. Aliianza watoto walipocheza mechi yao ya kwanza, akaishika mpaka mwisho. Mwaka jana alikuwa mgonjwa, kifua kimekwisha, lakini alisimama. Alimwegemea dada yake hapa," akajigusa bega, "mpaka watoto wakafunga. Sasa na wewe unasema wanasubiri kuzika."

Kocha alisimama pale kwa muda. Watu wa foleni walimpita.

Alimwandikia ujumbe akiwa nje ya geti: *Nimekosa, mpenzi. Sikujua. Wasikae. Nitatafuta njia nyingine.*

Spika aliusoma kati ya mgonjwa na mgonjwa. Hakujibu. Hasira ingekuwa nafuu kwake. Kilichomtesa ni kwamba tangu simu ile alikuwa akiwaona watu wa jukwaa kila akifumba macho, na kweli walikuwa wamesimama vilevile alivyosema.

Kocha alitafuta njia nyingine. Aliwafundisha vijana kutotazama jukwaani. Aliwaambia watazame viatu vya wapinzani, watazame ubao, wamtazame yeye. Walijitahidi. Lakini mtoto unamwambiaje asijue bibi yake amesimama?

Huko nje mashabiki walikuwa wameanza kunung'unika. "Tuliomba kombe, tumeletewa ganzi," mmoja alisema kwenye duka la viatu, na kufikia jioni mji wote ulikuwa unalisema hilo. Katibu alimwita ofisini, akapanga kalamu zake mezani, akazipanga upya.

"Kocha, mimi nakupenda. Lakini watu wanauliza. Tukifungwa Jumamosi, sitaweza kukutetea."

"Nimeelewa."

"Zungumza na Spika. Akisema neno, watu watakuvumilia."

"Hapana," alisema Kocha. "Mwache. Hili lisimfikie."

* * *

Lilimfikia, kwa njia ya mama yake, aliyelipata kwa bibi yake Kiroboto.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mawingu yameshuka, na wawili hao walikuwa wanaanua nguo kwenye kamba kabla mvua haijaanguka. Mama alivuta shuka, Spika akashika ncha ya pili, wakaanza kukunja.

"Wanamfukuza kesho wakifungwa," Mama alisema.

"Nani?"

"Usijifanye. Mgonjwa wako."

Spika alikosea kukunja. "Hakuniambia."

"Angekuambiaje na hupokei simu? Tena nasikia alikataa uambiwe." Mama aliweka shuka begani. "Na yule mtoto Kiroboto analia nyumbani. Anasema yeye ndiye anayemchosha bibi yake. Mwanangu, na mimi magoti yangu ukitaka kujua..."

"Mama, usianze. Nikiwakalisha, kaka anabaki na nini? Nguo tumegawa. Simu yake imezimwa. Kule kusimama ndiko tulikobaki nako. Aliapa mbele ya watu kuwa hatakaa mpaka watoto wafunge."

Mama alimtazama. Kisha akaanza kutikisika mabega, na Spika akadhani analia, akaacha nguo akamshika. Mama alikuwa anacheka.

"Aliapa! Nani aliapa? Ilikuwa rangi mbichi."

"Rangi gani?"

"Ya jukwaa! Walipaka benchi la mbele asubuhi ya mechi ya kwanza, rangi ya kijani, haijakauka. Kaka yako ametoka kazini hotelini na suruali yake nyeupe, na jioni anarudi zamu. Angekaaje? Akasimama. Waliokuwa nyuma yake hawakuona uwanja, nao wakasimama. Wa nyuma yao vilevile. Basi jukwaa zima limesimama, yeye anajifanya hajui kwa nini."

Spika alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Halafu Mnara akafunga. Kaka yako kwa furaha akaruka, akasahau, akakaa. Pwaa! Alirudi hapa amejifunga sweta kiunoni, anaingia kinyumenyume. Niliisugua suruali ile kwa mafuta ya taa mpaka mikono ikapasuka. Mechi iliyofuata watu wakamwuliza, Mwenyekiti, tunasimama tena? Angewaambia nini, rangi? Akawaambia, tunasimama."

"Na mimi hakuniambia!"

"Hasa wewe alikuogopa. Alisema, Mama, akijua huyo atanitania mpaka tuzeeke."

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya bati, kisha mengine. Hawakuingia ndani.

"Lakini mwaka jana alisimama anaumwa," Spika alisema baadaye, sauti imepungua. "Nilimshika mwenyewe. Ile haikuwa rangi."

"Haikuwa. Ile ilikuwa mapenzi. Aliona watu wanafurahi kusimama naye, na watoto wanafurahi. Wakati ule tulikuwa tunasimama tunaimba, mwanangu. Wewe mwenyewe unakumbuka kelele zile. Tangu amekwenda, tunasimama kama..." Mama hakumaliza. "Angewaona watoto wanavyoteseka, angekuwa wa kwanza kukaa. Hata kwenye rangi."

* * *

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Wengine walikuja kuangalia mchezo, wengine kuangalia kocha akifukuzwa. Kocha alivaa lile shati la buluu. Hakuinua macho. Alijua kilichopo jukwaani.

Jukwaa lilisimama, kimya. Wachezaji walikuwa wanapasha misuli, mabega yamepanda mpaka masikioni.

Spika alipanda juu ya benchi la mbele, akawageukia watu wake. Alikuwa na gauni la kijani, na chini ya macho alionekana hakulala vizuri.

"Jamani! Nina tangazo. Linahusu suruali ya kaka yangu."

Watu walitazamana.

Akawasimulia. Alisimulia vibaya mwanzoni, alirudi nyuma, akasahau sweta, Mama akamkumbusha kwa sauti kutoka chini. Alipofika kwenye rangi mbichi kicheko kimoja kilitoka mahali fulani juu, kikajizuia, kama mtu aliyecheka msibani. Alipofika kwenye "pwaa" hakuna aliyejizuia tena.

"Miaka yote hii!" Bibi yake Kiroboto alipiga mkongojo sakafuni. "Miguu yangu yote hii, kumbe suruali!"

"Mwenyekiti alituweza!"

"Na mimi nilikuwa nyuma yake!" mzee mmoja alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyesimama kwa sababu sioni! Mke wangu aliniuliza unasimama nini, nikamwambia nyamaza, kuna jambo!"

Jukwaa lilitikisika. Watu walicheka mpaka wakashikana, na wengine walikuwa wanacheka na kulia pamoja, kwa kuwa tangu mazishi walikuwa hawajapata nafasi ya kumcheka. Spika alisubiri. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

"Basi leo benchi ni kavu," alisema. "Nimeligusa mwenyewe. Tukaeni, tuwape watoto nafasi wacheze."

Akashuka, akakaa wa kwanza. Mama yake alikaa kwa kishindo na kusema, "Alhamdulillahi." Kisha mbao zikalia safu kwa safu, mpaka juu.

Uwanjani, Kiroboto alikuwa amesimama na mpira mikononi, mdomo wazi, akimtazama bibi yake anayejipepea kwa kitambaa cha kijani, miguu ameinyoosha mbele kama yuko ufukweni. Kocha alimwendea. Hakuinama kuuliza kitu. Alimpiga begani tu, akarudi benchi, na alipogeuka ilibidi ajifanye ana kitu jichoni.

Mchezo ulianza. Kiroboto alimpa Mnara, Mnara akarudisha, mpira ukazunguka kama walivyofundishwa, mkono kwa mkono. Mtupo wa kwanza uligonga chuma, ukatoka. Hakuna aliyeguna. Mnara aliudaka mpira ukiwa juu, akauweka kikapuni taratibu kama anayeweka kikombe mezani.

Jukwaa zima liliruka na kusimama, bila kuagizwa na mtu, likaimba.

Walishinda. Si kwa nyingi, na kuna dakika mwishoni ambapo Katibu alitoka nje kwa kuwa moyo wake haukuweza. Lakini walishinda.

Watu walipokuwa wanatoka, Kocha alipita katikati yao mpaka benchi la mbele. Spika alikuwa bado amekaa.

"Kwa nini hukuniambia wanataka kukufukuza?" alimwuliza kabla hajasalimiwa.

"Ungewakalisha kwa ajili yangu. Nilitaka wakikaa, wakae kwa ajili ya watoto."

"Una kiburi kwa mtu mwenye sauti ndogo."

"Nisamehe lile neno. Laiti ningejua."

"Lilikuwa la kweli, ndiyo maana liliniuma." Akasogea, akampa nafasi. "Kaa hapa, mgonjwa wangu. Nimechoka kuzima simu. Wagonjwa wengine wanadhani nimefunga kliniki."

Akakaa. Mama, aliyekuwa anajifanya anatafuta kitambaa chini ya benchi, alikitafuta kwa muda mrefu zaidi.

* * *

Kombe hawakulichukua. Walimaliza wa tatu, na kuna watu ambao mpaka leo ukiwauliza watakuambia waliomba kombe. Lakini katika kikao cha mwisho wa msimu mikono mingi ilinyooka, na Katibu, kwa furaha ya mtu aliyepona, alimtangazia Kocha kuwa anaongezewa msimu.

Jioni hiyo Kocha na Spika walitoka ukumbini pamoja, yeye Kocha amebeba wavu wa mipira mgongoni. Walisimama kwenye bomba la nje Kocha anywe maji. Spika alivaa sketi ndefu ya njano na blauzi nyeupe, na upepo ulikuwa unampa kazi ya kushika sketi.

"Wamenipa msimu mwingine," Kocha alisema, akijifuta mdomo.

"Najua. Nilinyoosha mkono."

"Msimu mmoja haunitoshi."

"Ungewaomba miwili. Katibu leo angekupa hata ofisi yake."

"Ninachokitaka Katibu hana." Aliweka mipira chini. "Nataka kukuoa. Nimetafuta namna nzuri ya kulisema wiki nzima, sikuipata. Basi ndiyo hivyo."

Spika alifunga bomba lililokuwa linadondosha maji. Alilifunga kwa makini.

"Kaka angekuwepo ungeanzia kwake," alisema. "Na angekuuliza maswali mpaka ujute kuzaliwa."

"Hilo ndilo linalonikosesha raha. Nataka kuingia nyumba ambayo ndani yake kuna mtu simjui. Nyote mnamjua, mimi peke yangu ndiye mgeni. Ile ya suruali niliisikia pamoja na umati. Nyingine nisimulie mimi."

Spika alichukua upande mmoja wa wavu, Kocha akashika wa pili, wakaanza kutembea.

Hakuanza na ugonjwa wala na mashabiki. Alianza na mkasi wa jikoni, siku kaka yake alipomkata nywele zote za mbele kesho yake ikiwa picha ya darasa, akamwambia ndiyo mtindo. Akaendelea na kuku wa jirani waliyemficha kabatini. Alisimulia kwa mikono, na kila alipotumia mkono mipira iliyumba ikawagonga miguuni. Walipita kwa fundi cherehani aliyekuwa anafunga duka. Walipita kwenye duka la viatu, ambako mtu alimwita Kocha na Kocha hakusikia. Walifika kwenye geti la nyumbani, na Spika alikuwa katikati ya habari ya baiskeli ya kuazima, hivyo wakapita.

Mama aliwaona kutoka dirishani. "Hao nao wanakwenda wapi?" aliuliza, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumjibu, akaachia pazia.

Walizunguka mtaa mzima. Taa za nyumba zilikuwa zimeanza kuwashwa. Geti lilitokea tena mbele yao, na Kocha akapunguza mwendo.

"Mpenzi. Na jibu langu?"

"Ndiyo," Spika alisema. "Nilikubali tangu tuko kwenye bomba. Sasa usinikatize, bado hajavunja dirisha la mwalimu."

Wakapita geti tena.